Bobkati wanakuja kweli kwa kilio cha sungura, au tunauziwa mashine tu?

#1 Mkamuaji (Twin Falls, Idaho)
Wakuu, habari zenu.

Nakamua ng'ombe zamu ya usiku. Asubuhi nikitoka, badala ya kulala napitiliza porini. Leseni ninayo, kozi ya usalama wa bunduki nimemaliza, na msimu wa bobkati, yule paka mwitu wa Amerika mwenye mkia mfupi, huku ni 14 Desemba hadi 16 Februari, kwa hiyo asije mtu kunitisha na sheria.

Shida ni hii. Naenda kusini mwa mji kwenye ardhi ya umma, yale makorongo ya mwamba mweusi yenye miti ya mijunipa. Naweka spika, nafungulia kilio cha sungura, nakaa dakika ishirini. Kimya. Nahamia korongo la pili, kimya. Koyote, wale mbwamwitu wadogo wa huku, nimeshawaona, mmoja alinipita kama jirani anayewahi dukani. Bobkati, hata mkia. Na wapo! Theluji inawataja: nyayo za duara, hazina alama ya kucha, zimepangana mstari mmoja utadhani ametembea kwa mguu mmoja. Wiki hii nimekuta nyayo zake zimekanyaga juu ya nyayo zangu mwenyewe nilizoacha wakati wa kwenda.

Dai langu: bobkati haitiki sauti. Wanaompata wanamwokota kwa bahati, halafu wanarekodi video ili watuuzie spika. Mwenye uzoefu anipinge.

#2 Ras Tanga
Mtu kakesha na ng'ombe, kumekucha anaenda kuita paka kwenye barafu. Kwetu paka anaitwa kwa kichwa cha dagaa, mkuu. Nimekaa siti ya mbele.

#3 Kivu Moja (Missoula, Montana)
Ndugu yangu, dakika makumi mbili njo za koyote. Koyote akisikia sungura analia, anakuja mbio, ukikosa kumuona kwa dakika kumi na tano unaweza kubeba vitu vyako. Bobkati ye hana haraka. Anatembea kidogo, anakaa, anaangalia, anatembea tena. Mimi siondoke mbele ya dakika makumi ine na tano, na siku ya hewa tulivu nafika saa moja nzima. Wewe unasimama wakati ye angali njiani, anakuona, anageuka. Njo maana unaona nyayo.

#4 Mchuna Ngozi (Elko, Nevada)
Namuunga mkono #3 kwenye muda, ila muda peke yake hautoshi. Mkamuaji, hukusema: hiyo spika unaiacha ilie mfululizo, au unaizima na kuwasha?

#5 Mkamuaji
Nazima na kuwasha. Inalia dakika mbili, nazima tatu. Ndivyo nilivyofundishwa na jamaa wa hapa kazini, mwindaji wa koyote miaka mingi.

#6 Mchuna Ngozi
Umefundishwa vizuri, kwa mnyama mwingine.

Mimi nimetoka Geita, nikaja huku Elko kufuata migodi ya dhahabu, na milima ya hapa ndiyo iliyonifundisha. Koyote akisikia mara moja tu anaijua sehemu, atafika hata ukizima. Paka ukizima sauti, hamu inakatika. Anaona panya, anaona ndege, anasahau alikuwa anakwenda wapi. Kwa hiyo spika ilie bila kukoma, sauti ya chini kiasi. Huna haja ya kuamsha bonde zima, masikio yake yanatosha.

La pili, macho. Bobkati anawinda kwa macho na masikio kuliko pua. Weka kitu kinachocheza karibu na spika: unyoya umefungwa kwenye uzi juu ya kijiti, upepo unauchezesha. Akishauona ule unyoya, wewe umesahaulika. Bila unyoya anakaa mbali kwenye kivuli cha kichaka, anatafuta huyo sungura yuko wapi, na kitu pekee kinachosogea eneo lote ni wewe unayejikuna pua.

La tatu, kuhusu video. Kabla hata ya video watu walikuwa wanaita. Texas kulikuwa na ndugu wawili, Winston na Murry Burnham, waliokuwa wakiuza filimbi za kuitia miaka ya 1950. Baadaye Johnny Stewart wa Waco akarekodi vilio vya wanyama wenyewe kwenye sahani za santuri, watu wakabeba gramafoni porini. Sasa jiulize, mtu abebe gramafoni mlimani kwa kitu kisichofanya kazi?

#7 Ras Tanga
Gramafoni porini! Sungura analia, halafu taarab inaingia.

#8 Jamaa wa Duluth
Wasee, mimi ni Mkenya, kwetu kuwinda ni marufuku tangu 1977, kwa hivyo haya yote nimejifunzia hapa Minnesota kwenye baridi ya kuua. Nakubaliana na hizo story za kuvumilia lakini mnasahau kitu kimoja: hawa paka ni wakubwa. Bobkati dume ana kilo 30, hawezi kutoka mbio juu ya sungura mmoja. Huku kwetu wanaangusha kulungu. Mpigie kilio cha ndama wa kulungu uone.

#9 binti_Ujiji (Moscow, Idaho)
#8, kilo 30 labda umempima na begi lake. Madume wengi ni kati ya kilo 8 na 14, majike ni wadogo zaidi, na anayefika kilo 18 ni wa kupigiwa picha. Sungura ndiye mlo wake mkuu karibu kila mahali anapoishi. Kulungu anawaua, hiyo ni kweli, hasa kaskazini theluji ikiwa nyingi na kulungu amechoka, ila si kila siku.

Na theluji nyingi haimpendelei hata yeye. Miguu yake ni midogo, anazama. Huyo mwenye viatu vya theluji ni ndugu yake, linksi wa Kanada, na hapa naomba msikilize wote mnaobeba bunduki: linksi analindwa na sheria ya shirikisho tangu mwaka 2000 katika majimbo haya yaliyo kusini ya Kanada. Idaho, Montana na Minnesota anapatikana. Tazama mkia. Bobkati ncha yake ni nyeusi juu na nyeupe chini. Linksi ncha yote nyeusi kuzunguka, kama imechovywa. Linksi ana miguu mikubwa yenye manyoya na vishungi virefu masikioni. Huna uhakika, usifyatue.

#10 Jamaa wa Duluth
Sawa mwalimu. Kilo 14. Lakini yule niliyemwona alikuwa amekula.

#11 Mkamuaji
Asanteni. Mchuna Ngozi, nitajaribu mfululizo na unyoya. Binti_Ujiji, inaonekana wewe umewasomea hawa. Nijibu: hao paka wapo hapo hapo korongoni au wanapita tu?

#12 binti_Ujiji
Nasomea wanyamapori, ndiyo. Swali lako ndilo ninaloona wenzangu wanalirukia. Mnabishana juu ya dakika na spika kana kwamba paka yupo pale anasikiliza. Dume mmoja anazunguka eneo la makumi ya kilomita za mraba, ndani yake kuna maeneo ya majike kadhaa. Nyayo za asubuhi zinakuambia alipita, hazikuambii yuko umbali wa kusikia. Anaweza kurudi kesho, anaweza kurudi baada ya wiki.

Halafu kuna sungura wenyewe. Mwaka 2020 ugonjwa wa virusi wa kutokwa damu wa sungura ulionekana New Mexico, ukasambaa majimbo ya magharibi, ukaua sungura wa porini wengi, wadogo na wale wakubwa wenye masikio marefu. Mahali sungura walipopukutika, paka huhama au hupungua. Kabla ya kulaumu spika, hesabu nyayo za sungura kwenye hilo korongo. Kama hazipo, unaita kwenye hoteli iliyofungwa.

#13 Kivu Moja
Lakini dada, kama sungura ni kidogo, paka ana njaa. Mwenye njaa si ndiye anakuja mbio?

#14 binti_Ujiji
Mwenye njaa anakuja akiwepo. Nimezungumzia kama yupo.

#15 Mlinzi wa Nyika (Iringa)
Wakuu, mimi nipo huku nyumbani, bobkati sijamwona zaidi ya picha, ila kuita wanyama kwa spika nakujua. Watafiti wanaohesabu fisi na simba hufanya hivyo hivyo. Spika kubwa juu ya gari, usiku, wanapiga kilio cha ndama wa nyati na kelele za fisi wanaogombania mzoga. Fisi wanafika kutoka mbali, unawahesabu kwa tochi.

Sasa sikilizeni. Ukirudia mahali pale pale mara kwa mara, fisi wanapunguza kuja. Wamekwenda, hawakukuta nyama, wamejifunza. Ndiyo maana watafiti huacha muda mrefu kati ya zoezi na zoezi. Mkamuaji, hilo korongo lako liko karibu na mji. Unadhani ni wewe peke yako mwenye spika? Huenda huyo paka wa nyayo ameshasikia huyo sungura wa dukani mpaka anajua anapovuta pumzi.

#16 Mchuna Ngozi
Hoja nzito hii. Ndiyo maana mimi sungura nimemwacha. Napiga kilio cha ndege, hasa kigogota. Jumamosi kila mtu mlimani ana sungura yule yule.

#17 Mkamuaji
Duh. Kwa hiyo sasa tuna: nakaa muda mfupi, nazima sauti, sina unyoya, paka hayupo, sungura wameugua, na paka amesoma kunizidi. Nani mwingine?

#18 Shemeji wa Moline (Illinois)
Mwingine ni mimi, mwenye wivu. Huku Illinois uwindaji wa bobkati ulifungwa miongo mingi, wakafungua 2016, na kibali ni cha bahati nasibu. Unaomba, unangoja, unakosa. Wewe una msimu wa miezi miwili unalalamika nyayo zimekanyagwa.

#19 Mzee Saba
Kijana, upepo umetazama? Kwenye maelezo yako yote hujataja upepo. Mnyama anayekula nyama ana pua. Mimi nilikuwa na baba yangu Rukwa, hatukuwahi kukaa upande ambao upepo unatutoka.

#20 Mchuna Ngozi
Shikamoo mzee. Kwa koyote upo sahihi asilimia zote, yeye atazunguka mpaka akunuse. Paka nimewaona wakija na upepo unatoka kwangu kwenda kwao, wala hawakujali.

#21 Mzee Saba
Marahaba. Hao uliowaona ni wale ambao hawakujali. Waliojali ungewaonaje?

#22 Ras Tanga
Mzee kamaliza. Fungeni uzi.

#23 Kivu Moja
Mzee ana haki. Mimi nauchungaka upepo kila siku, lakini kwa sababu nyingine pia: upepo ukiwa mkali sauti haifiki. Siku ya upepo mkali nabaki nyumbani. Siku nzuri ni asubuhi ya kwanza baada ya theluji kukatika, jua linatoka. Wanyama walijificha wakati wa dhoruba, sasa wote wanatembea. Na katika majira ya baridi bobkati anatembea hata mchana saa sita, si lazima ufike giza.

Na filimbi ya mdomo uichunge pia. Mate yanaingia kwenye ulimi wa filimbi, yanaganda, inakuwa bubu. Mimi naiweka ndani ya koti, kwenye kifua. Betri za spika vilevile, baridi inazikula.

#24 Mama Denver
Samahani naingilia. Huyo paka amewakosea nini? Hamli nyama yake. Hapa Colorado tulishapiga kura kuzuia kuwinda hawa paka, na California pia wamezuia. Muda si mrefu mtabaki na spika zenu.

#25 Wakili wa Mtaani
Mama, California sawa: sheria ilisainiwa 2019, ikaanza kazi 2020. Colorado kura ilipigwa Novemba 2024, pendekezo namba 127, la kuzuia kuwinda simba wa milimani (puma), bobkati na linksi. Lilishindwa. Linksi kwa vyovyote alikuwa haruhusiwi.

#26 Mama Denver
Nilipiga ndiyo, nikajua tumeshinda. Asante kwa kunikatia simanzi. Swali langu la nyama bado.

#27 Mchuna Ngozi
Mama, swali lako ni la haki na sitalikwepa. Wengi wanawinda kwa ajili ya manyoya, na wa magharibi wenye tumbo jeupe la madoa ndio wanaotafutwa na wanunuzi. Wapo pia wanaokula nyama, wanasema ni nyeupe, inakaribia ya nguruwe. Mimi nilionja kwa jirani. Si mbaya.

#28 Ustadh Kombo
Mwenye chonge anayerarua, kwetu haliwi. Nimepita tu kuweka kumbukumbu sawa.

#29 binti_Ujiji
Anayekula aive mpaka ndani. Paka wote, bobkati akiwemo, wanabeba kimelea cha toksoplasma. Na anayechuna avae glavu, hasa magharibi. Tauni bado ipo kwenye viroboto na panya wa huku, na paka anaipata kwa kula panya. Mwaka 2007 mtafiti mmoja Grand Canyon alifariki kwa tauni baada ya kumpasua simba wa milimani ili kujua kilichomuua. Mchuna Ngozi, jina lako linanitia wasiwasi.

#30 Mchuna Ngozi
Nina glavu, dada. Za bluu, boksi zima.

#31 F1 Mtoro
Wakuu, mimi ni mwanafunzi, viza ya masomo. Jamaa wa bweni wananialika kuwinda. Naruhusiwa kushika bunduki?

#32 Wakili wa Mtaani
Sheria ya shirikisho inamkataza mtu wa viza ya muda, ya masomo ikiwemo, kumiliki au kushika bunduki. Kuna mlango: akiwa na leseni halali ya kuwinda ya jimbo lolote, katazo hilo linaondoka. Kwa hiyo leseni kwanza, bunduki baadaye, hata kama ni ya kuazima, hata kama ni ya kulenga kopo. Na zungumza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako, usitegemee jamaa wa uzi. Wenye kadi ya kijani na wakimbizi walioingia kihalali hawamo kwenye katazo hilo la viza.

Kwa faida ya wote: kila jimbo lina kijitabu chake. Kuna mahali spika ya umeme hairuhusiwi kwa wanyama fulani, mahali usiku haruhusiwi mtu, na ngozi ya bobkati karibu kila mahali lazima ipelekwe ikawekwe tagi. Sababu ni CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, bobkati yumo Kiambatisho cha 2. Hata kama ana wingi, ngozi yake inafanana na za jamaa zake walio hatarini.

#33 Ras Tanga
Kwa hiyo nikitaka niletewe moja Tanga, niweke sebuleni?

#34 Wakili wa Mtaani
Tagi, kibali cha kusafirisha nje cha Marekani, na forodha ya nyumbani nayo ina maswali yake. Nunua zulia.

#35 Mwanamke wa Mlimani (Boise)
Naongeza jambo ambalo kaka zangu hawajaligusa. Unavaa kombati, unajificha, unatoa sauti ya sungura anayekufa. Umejigeuza sungura. Anayekuja anaweza kuwa mwindaji mwenzako mwenye darubini mbovu, au simba wa milimani, maana kilio hicho hicho kinamvuta na yeye. Kaa mgongo ukiwa umeegemea mwamba au shina nene. Spika iwe mbali nawe, hatua thelathini au hamsini, ili anayeifuata asikufuate wewe.

La pili mnalijua ila hamsemi. Mtu mweusi ameegesha gari kwenye njia ya shamba alfajiri, ana bunduki. Mimi nimeshafuatwa na naibu sherifu, askari wa wilaya, kwa sababu mkulima alipiga simu. Aliniuliza kwa adabu, nikamwonyesha leseni, tukaagana. Gari langu huwa naliacha mahali linapoonekana, kijitabu kipo juu ya dashibodi. Sipendi kwamba lazima nifanye hivyo, lakini nafanya.

#36 Kivu Moja
Kweli kabisa, dada. Mimi natumaga ujumbe kwa mwenye shamba jirani kila mara, hata nikiwa kwa ardhi ya umma. Sasa ananileteaga mayai.

#37 Mkamuaji
Wakuu, nimerudi na kesi.

Jana theluji ilikatika usiku. Nikafanya mliyosema: kigogota badala ya sungura, sauti ya chini bila kuzima, unyoya kwenye kijiti, mgongo kwenye mwamba, upepo unanijia usoni. Nimekaa mpaka vidole vya miguu vikaacha kunijibu. Sikuona kitu. Nikanyanyuka, nikazunguka mwamba.

Nyuma yangu, kama hatua arobaini, chini ya mjunipa, kuna nyayo zimekuja, na kuna alama ya makalio. Alikaa. Theluji imeyeyuka kidogo pale alipokaa. Kisha nyayo zinaondoka polepole, hatua fupi, hakukimbia.

Picha nimeweka. Haya, semeni.

#38 Mchuna Ngozi
Nimesema nini? Ameitika. Theluji kuyeyuka maana yake alikaa muda, anasikiliza. Ungekuwa na mtu wa pili anatazama nyuma, sasa hivi ungekuwa unatafuta tagi.

#39 Mzee Saba
Alikuja kutoka upande gani? Nyuma. Upepo ulikuwa unakwenda wapi? Nyuma. Alikaa kwenye harufu yako, akakufahamu, akaondoka. Mimi sina la kuongeza.

#40 Mchuna Ngozi
Mzee, angekunusa asingekaa chini mpaka theluji iyeyuke.

#41 Mzee Saba
Wewe ukisikia harufu ya chakula cha jirani, hukai kidogo?

#42 binti_Ujiji
Nimekuza picha. Kwanza hongera, ni bobkati, upana wa unyayo ni kama sentimita tano nikipima kwa hicho kisu ulichoweka pembeni, na kisigino kina nundu tatu nyuma. Pili, naomba tupunguze furaha. Mkamuaji, nyayo zinazokuja zinatokea wapi? Mimi naona zinafuata njia yako ya kuingilia. Inawezekana hakuitika sauti yoyote. Alikutana na nyayo zako, akazifuata, ukiwa umekaa au hata baadaye kidogo kabla hujanyanyuka. Paka ni mbea. Wiki iliyopita pia alikanyaga nyayo zako, wewe mwenyewe umeandika #1.

#43 Mkamuaji
Zinafuata njia yangu mpaka kwenye jiwe kubwa, halafu zinaiacha na kupanda juu ili zije nyuma ya mwamba. Kama alikuwa anafuata nyayo tu, kwa nini aziache?

#44 binti_Ujiji
Kwa sababu juu kuna mahali pazuri pa kutazamia. Au kwa sababu ya kigogota. Kwa nyayo hizi siwezi kutofautisha, na Mchuna Ngozi naye hawezi.

#45 Mlinzi wa Nyika
Au ni yule yule aliyeshasikia spika nyingi. Amekuja kuhakikisha kwa mbali, kaona mtu, kaongeza kwenye orodha yake. Fisi wazee wanafanya hivyo, wanasimama nje ya mwanga wa tochi.

#46 Jamaa wa Duluth
Mimi naona ilikuwa mchana wa Februari na dume anatafuta mke. Huu ndio msimu wao wa kupandana. Hana habari na ndege wala sungura, anazunguka tu. Manze hata wewe ungekuwa kigogota halisi asingekula.

#47 binti_Ujiji
Duluth, hapo umesema kitu. Kupandana hukolea Februari na Machi, na madume hutembea sana. Kilo 30 nimekusamehe.

#48 Ras Tanga
Wakuu, nimefanya utafiti wangu. Nimetafuta kilio cha sungura kwenye simu, nimekipiga hapa uani. Paka wa jirani kafika kabla sijahesabu kumi, kuku wamepanda juu ya banda, na mama mwenye nyumba ameuliza nani anachinja mtoto. Kwa hiyo dai la mleta uzi limekufa.

#49 binti_Ujiji
Paka wa jirani hajawahi kuwindwa, amezoea watu, na alikuwa hatua tano. Ila umeandika matokeo kuliko wengi humu.

#50 Shemeji wa Moline
Na hakuhitaji bahati nasibu.

#51 Mchuna Ngozi
Mkamuaji, dhoruba nyingine inapita Alhamisi, Ijumaa usiku inakatika. Jumamosi ndiyo yenyewe, na msimu wenu unakaribia kufungwa. Nikiendesha kutoka Elko nakukuta alfajiri. Sina leseni ya Idaho kwa hiyo bunduki inabaki nyumbani, nakuja na darubini, nakaa mgongo kwa mgongo na wewe natazama nyuma. Mzee Saba apange upepo.

#52 Wakili wa Mtaani
Hata hiyo ya kusaidia kuita bila leseni, pigia ofisi ya wanyamapori ya Idaho kwanza. Simu ya dakika mbili.

#53 Mkamuaji
Nitapiga leo. Zamu yangu Jumamosi inaisha saa kumi na moja alfajiri, nipe saa nzima ya kuoga, sitaki Mzee Saba aseme paka amenusa maziwa. Tuchukue sungura au kigogota?

#54 Mzee Saba
Msichukue chochote. Kaeni kimya pale juu kwenye jiwe, kwenye njia yake. Hayo mengine mnampigia kelele tu.

#55 Mchuna Ngozi
Kigogota.

#56 Kivu Moja
Sungura, lakini saa moja nzima. Na mtie soksi mbili.